Anayejenga Maktaba ya Kompyuta Amjengea Nani?

Mtu aketipo mbele ya kompyuta na kuandika barua, au kupiga hesabu za mishahara, hudhani kwamba anashughulika na programu moja tu, ile aionayo kiooni. Kwa kweli chini ya programu hiyo yapo matabaka mengine ya kazi yasiyoonekana. Katika matabaka hayo imo maktaba ya mfumo, yaani mkusanyo wa vijiprogramu ambavyo kila programu nyingine huviita pindi inapotaka kufungua faili, kujua saa, kunakili maneno kutoka sehemu moja ya kumbukumbu hadi nyingine, au kuandika jambo kiooni. Programu haina haja ya kubeba ujuzi huo wote yenyewe. Huuazima maktabani, na nakala moja ya maktaba huzihudumia programu zote zilizomo katika kompyuta.

Katika mfumo wa uendeshaji wa Linux, ambao huendesha sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia intaneti duniani, maktaba hiyo aghalabu ni ile iitwayo glibc, iliyoanzishwa na mradi wa GNU katika miaka ya 1980. Toleo lake la 2.0 lilitolewa mwaka 1997, na tangu hapo faili lake kuu katika kompyuta za kawaida limeendelea kuitwa libc.so.6. Matoleo mapya hutoka takriban kila baada ya miezi sita. Jina halikubadilika, lakini yaliyomo yamebadilika mara nyingi, na hapo ndipo penye suala linalostahili kufikiriwa. Kila mara maktaba inapojengwa upya, yaani maandishi yake yanapotafsiriwa na kompaila kuwa lugha ya mashine, mjenzi huamua, ajue asijue, ni programu zipi zitaendelea kufanya kazi na ni kompyuta zipi zitaachwa nyuma. Uamuzi huo hauwezi kuhesabiwa kuwa ni shauri la fundi peke yake. Unagusa mali na kazi za watu ambao hawajui hata kwamba maktaba hiyo ipo.

Mapatano ya aina mbili

Baina ya programu na maktaba yapo mapatano ya aina mbili, na watu wengi huyachanganya. Ya kwanza ni mapatano ya maandishi. Haya yahusu majina ya vijiprogramu na vitu ambavyo kila kimoja hudai kupewa kabla ya kufanya kazi yake. Mwandishi wa programu huyasoma katika vitabu vya maelekezo. Yakivunjwa, kompaila hulalamika mara moja, kazi husimama, na kosa hurekebishwa kabla programu haijatoka mikononi mwa mtengenezaji.

Ya pili ni mapatano ya mashine. Haya yahusu ukubwa wa kila namba, mpangilio wa sehemu za kila jedwali ndani ya kumbukumbu, na mahali ambapo kijiprogramu kitavikuta vitu kilivyopewa. Programu ikishatafsiriwa, mambo haya huwa yameganda ndani yake, wala hakuna tena kompaila ya kulalamika. Maktaba ikibadili ukubwa wa namba fulani kutoka baiti 4 hadi baiti 8, programu ya zamani itaendelea kusoma baiti 4, na itaichukua nusu ya namba kana kwamba ndiyo namba nzima.

Mfano wa sokoni waweza kulieleza jambo hili. Watu wa pwani walizoea kupima nafaka kwa pishi, na pishi moja ilikuwa vibaba vinne. Tuseme mwenye duka abadili pishi yake iwe vibaba vitatu, lakini aendelee kuiita pishi. Mnunuzi anayefika na kuuliza habari za kipimo ataambiwa, naye atajua la kufanya. Lakini aliyekwisha kuagiza pishi kumi kwa barua, akazipangia watu wa kulishwa, hatapata habari mpaka chakula kimpungukie. Mapatano ya maandishi ni ya yule aulizaye dukani, na mapatano ya mashine ni ya yule aliyekwisha kuagiza.

Kwa sababu hiyo programu yaweza kutafsiriwa upya juu ya maktaba mpya bila taabu, na wakati huo huo nakala yake ya zamani ikafa juu ya maktaba hiyo hiyo. Wenye maandishi asilia ya programu hawaoni tatizo, kwa kuwa hutafsiri tena na kuendelea na kazi. Wanaoumia ni wale wenye nakala iliyotafsiriwa tu: ofisi yenye programu ya hesabu ambayo mtengenezaji wake amekwisha kufunga kazi, au maabara yenye chombo cha kupimia kinachoendeshwa na programu iliyonunuliwa pamoja nacho. Hao hawana cha kutafsiri. Basi ni wao hasa ambao mjenzi wa maktaba huwajengea, ingawa hawafahamu.

Kisa cha mwaka 2010

Katika glibc kimo kijiprogramu kiitwacho memcpy. Kazi yake ni kunakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu na kuziweka katika sehemu nyingine. Kanuni ya lugha ya C husema wazi kwamba sehemu hizo mbili zisiingiliane. Zikiwa zinaingiliana, mwandishi wa programu hana budi kutumia kijiprogramu kingine, memmove, ambacho kimetengenezwa kwa ajili ya hali hiyo. Lakini kwa miaka mingi memcpy ilikuwa ikinakili kuanzia mwanzo kwenda mwisho, na katika hali fulani kazi ilitoka sawa hata sehemu zilipoingiliana. Waandishi kadhaa wa programu walivunja kanuni bila kujua, na hakuna aliyeona kosa.

Ndipo waandishi wa maktaba walipoiongezea memcpy kasi. Katika prosesa za aina fulani iliweza sasa kunakili kutoka mwisho kurudi mwanzo. Badiliko hilo lilipowafikia watumiaji wa Fedora 14 mwaka 2010, sauti ya vipindi vilivyochezwa kwa programu ya Flash ikaanza kukwaruza na kuharibika. Kosa halikuonekana katika mashine zote, kwa kuwa namna ya kunakili ilitegemea aina ya prosesa, na jambo hilo liliwachelewesha watu kulitambua.

Mjadala mkali ulifuata. Upande mmoja ulisema kwamba maktaba haikukosea, maana kanuni iko wazi na aliyeivunja ni mwandishi wa Flash. Upande wa pili ulijibu kwamba mtumiaji hakuandika Flash wala maktaba. Alilala sauti ikiwa nzuri, akaamka ikiwa mbovu, na kilichobadilika baina ya usiku na asubuhi kilikuwa maktaba. Pande zote mbili zilisema kweli, lakini kweli zenyewe hazikuwa na uzito sawa. Kanuni humwambia mwandishi wa programu mpya afanye nini. Haimwambii mwenye programu ya zamani, ambaye hana maandishi yake, ajiokoe vipi.

Suluhisho lililopatikana katika toleo la 2.14 la mwaka 2011 lafaa kuigwa. Katika glibc kila jina la kijiprogramu hubandikwa lebo ya toleo. Programu inapojengwa hukariri jina pamoja na lebo yake. Basi waandishi wa maktaba waliweka memcpy mbili. Programu za zamani, zinazotaja lebo ya kale, hupewa memcpy inayofanya kazi kwa usalama kama memmove. Programu zilizojengwa upya hupewa ile ya kasi chini ya lebo 2.14. Hakuna aliyelazimishwa kurekebisha programu ambayo hakuwa na uwezo wa kuirekebisha, na kasi haikupotea.

Hata hivyo suluhisho hilo lilikuwa na gharama yake, na yafaa ieleweke. Programu iliyojengwa juu ya maktaba mpya hukariri lebo mpya. Ikipelekwa kwenye kompyuta yenye maktaba ya mwaka 2009 hutafuta lebo 2.14, huikosa, na hukataa kuanza. Kwa hiyo upatanifu una pande mbili. Programu ya zamani juu ya maktaba mpya hulindwa kwa lebo. Programu mpya juu ya maktaba ya zamani hailindwi na kitu chochote, isipokuwa busara ya mjenzi.

Kuchagua kiwango cha chini

Busara hiyo huanza kwa swali moja: kompyuta dhaifu kuliko zote itakayoitumia kazi hii ni ipi? Jibu lake huitwa hapa kiwango cha chini, nalo huchaguliwa mara tatu.

Mara ya kwanza ni katika kiini cha mfumo wa uendeshaji. Mjenzi wa glibc huweza kuiamuru maktaba isitegemee kiini kilicho cha zamani kuliko toleo fulani, na hivyo kuacha nje maandishi ya kuvihudumia viini vya nyuma. Toleo la 2.26 la mwaka 2017 lilidai kiini cha 3.2, kilichotolewa Januari 2012, katika aina zote za kompyuta. Mjenzi aliweza kudai kiini kipya zaidi ya hicho, na maktaba ikawa nyepesi kidogo. Lakini maktaba ya namna hiyo ilipowekwa juu ya kiini cha zamani ilikataa kuanza, na ilipokataa yenyewe, kila programu iliyoitegemea ilikataa pia, hata ile amri ndogo ya kuorodhesha mafaili.

Mara ya pili ni katika prosesa. Kompyuta za biti 64 za jamii ya x86 zilianza kuuzwa mwaka 2003. Tangu hapo prosesa zimeongezewa amri nyingi mpya, na mwaka 2020 wataalamu walizigawa katika madaraja manne. Daraja la pili ladai amri zilizoanza kupatikana katika prosesa za Intel za mwaka 2008, na la tatu ladai zile za mwaka 2013. Kompaila ikiamriwa kujenga kwa daraja la tatu, programu itokayo yaweza kuwa na kasi zaidi, lakini katika prosesa isiyo na amri hizo haitakwenda polepole. Itakufa pale pale. Red Hat Enterprise Linux 9 ya mwaka 2022 ilidai daraja la pili, na toleo la 10 la mwaka 2025 likadai la tatu. Debian 13, iliyotolewa Agosti 2025, iliendelea kuzikubali prosesa za biti 64 za daraja la kwanza.

Matokeo yake hayapimwi kwa namba za matoleo tu. Kompyuta yenye prosesa ya Core 2 Duo haifiki daraja la pili. Yenye Core i5 ya mwaka 2012 haifiki daraja la tatu, ingawa huandika barua, hupiga hesabu na kufundishia watoto bila kuchoka. Hata baada ya mwaka 2013 ziliendelea kuuzwa prosesa za bei nafuu zisizokuwa na amri za daraja hilo. Mashine za namna hii ni za kawaida katika shule na ofisi za Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi ziliingia zikiwa zimekwisha kutumika ng'ambo. Kampuni inayowauzia wateja wenye mitambo mipya yaweza kuwa na sababu nzuri ya kupandisha kiwango, na kukitangaza waziwazi ni jambo la kusifiwa. Lakini kiwango kilichochaguliwa kwa ajili ya mitambo ya kampuni kubwa, kikifuatwa kwa mazoea na mjenzi wa programu ya shule, kitafunga madarasa ambayo mjenzi huyo hakukusudia kuyafunga.

Tena haifai kudhani kwamba ni lazima kuchagua baina ya kasi na mashine za zamani. Glibc ina njia mbili za kuyapata yote mawili. Njia ya kwanza ni kuweka nakala kadhaa za kijiprogramu kimoja ndani ya maktaba moja. Programu inapoanza, maktaba huchunguza prosesa ina uwezo gani, kisha hulielekeza jina kwenye nakala inayofaa. Njia ya pili ilianza katika toleo la 2.33 la Februari 2021: maktaba nzima huweza kujengwa mara kadhaa, kila nakala ikawekwa katika saraka ya daraja lake, na mfumo ukachagua ile iliyo bora kwa prosesa iliyopo. Nafasi ya diski huongezeka kutumika, lakini hakuna kompyuta inayofungiwa mlango. Maadam njia hizi zipo, kupandisha kiwango kwa ajili ya kasi peke yake ni udhuru dhaifu.

Mara ya tatu ni katika mahali pa kujengea. Wajenzi wengi hujenga programu juu ya kompyuta zao wenyewe, ambazo ni mpya na zina maktaba mpya, kisha hushangaa kusikia kwamba programu hazifunguki kwa wengine. Jumuiya ya lugha ya Python iliona jambo hili ikaliwekea utaratibu mwaka 2016: vifurushi vyenye vijiprogramu vilivyotafsiriwa vijengwe juu ya mfumo wa zamani uliokubaliwa na wote. Mfumo wa kwanza uliochaguliwa ulikuwa CentOS 5, wenye glibc ya 2.5, na baadaye ukafuata CentOS 7, wenye glibc ya 2.17. Sababu yake ni ile ile ya lebo. Kilichojengwa juu ya maktaba ya zamani hukubaliwa na maktaba mpya, lakini kilichojengwa juu ya mpya hakina hakika ya kukubaliwa na ya zamani. Fundi wa nguo hupima mwili wa atakayevaa. Hapimi wake.

Saa ya mwaka 2038

Jaribio kubwa la mapatano haya limekwisha kuanza, nalo lina tarehe inayojulikana. Mifumo ya jamii ya Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970. Katika kompyuta za biti 32, hesabu hiyo iliwekwa katika namba ya biti 32, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Sekunde hizo zitatimia tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa za Afrika Mashariki itakuwa Jumanne asubuhi, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7. Sekunde itakayofuata, namba itageuka kuwa hasi, na kompyuta itadhani kwamba imerudi mwezi wa Desemba mwaka 1901.

Dawa yenyewe ni nyepesi kuitaja: namba ya saa ipanuliwe iwe biti 64. Lakini kuipanua ni kubadili pishi. Kila programu iliyokwisha kutafsiriwa kwa pishi ya zamani itasoma nusu ya saa. Wajenzi wamechukua njia mbalimbali. OpenBSD, katika toleo la 5.5 la mwaka 2014, ilibadili kila kitu kwa mpigo mmoja na kukubali kwamba programu za zamani zilizotafsiriwa zitakufa; iliweza kufanya hivyo kwa kuwa kiini, maktaba na programu zake kuu hujengwa pamoja. Maktaba iitwayo musl ilibadili mwaka 2020 katika toleo la 1.2.0. Glibc, katika toleo la 2.34 la Agosti 2021, iliacha mlango wa zamani wazi na kufungua mpya kando yake: anayejenga programu huamuru mwenyewe ikiwa ataka saa ya biti 64.

Debian ilipoamua kuvuka kwenda kwenye saa mpya katika kompyuta zake za biti 32, ililazimika kujenga upya vifurushi kwa maelfu, kazi iliyofanywa hasa katika mwaka 2024. Hata hivyo aina moja iliachwa makusudi na saa ya zamani, nayo ni ile ya i386. Sababu iliyotolewa ni kwamba faida kuu iliyobakia ya aina hiyo ni kuendesha programu za zamani zilizotafsiriwa zamani. Kuibadilishia saa kungeua kitu kile kile kilichoifanya istahili kubaki.

Katika uamuzi huo lipo funzo. Wajenzi hawakuuliza tu lipi ni jipya na lipi ni la zamani. Waliuliza kila aina ya kompyuta yatumiwa na nani, na kwa kazi gani. Vyombo vidogo vya biti 32 vitakavyokuwa kazini mwaka 2038, kama mita na mitambo ya kiwandani, vyahitaji saa mpya, maana vitaishi muda mrefu. Programu za kale za i386 zahitaji utulivu kuliko saa. Namba ni moja, lakini majibu yalitofautiana kwa sababu watu wanaohudumiwa wanatofautiana.

Hoja za upande wa pili

Wapo wanaosema kwamba kulinda ya zamani ni mzigo usiokuwa na mwisho. Hoja yao haipaswi kupuuzwa. Kila kijiprogramu cha kale kinachobaki ni maandishi ya kusomwa, kupimwa na kulindwa dhidi ya wavunjaji. Wanaoifanya kazi hii ni wachache, na muda wanaoutumia kwa ajili ya kiini cha mwaka 2009 ni muda unaokosekana kwa ajili ya kuziba nyufa za leo. Tena ipo hatari kwamba wenye mashine za zamani, wakipewa maktaba mpya daima, hawataona haja ya kuacha programu zenye hatari.

Lakini glibc yenyewe imeonyesha kwamba kuacha ya zamani hakuna lazima ya kuwa kufukuza watu. Toleo la 2.32 la mwaka 2020 liliondoa mfumo wa kale wa Sun RPC. Programu mpya haziwezi tena kujengwa juu ya vijiprogramu hivyo katika glibc, bali zile zilizojengwa zamani huvikuta chini ya lebo zao za kale. Hivyo ndivyo mwenye nyumba mwungwana afanyavyo: hapangishi tena chumba kibovu, lakini hamtoi nje usiku mpangaji aliyemo.

Kinyume chake kilionekana mwaka 2022. Toleo la 2.36 liliacha kutia ndani ya maktaba jedwali la zamani la kutafutia majina, kwa hoja kwamba jedwali jipya, lililoanza kutumika tangu mwaka 2006, lilikuwa limechukua nafasi yake. Hoja hiyo ilikuwa na uzito. Lakini programu ya kuzuia udanganyifu katika michezo ya kompyuta ilikuwa ikilisoma jedwali la zamani moja kwa moja, na baadhi ya michezo ikakataa kufunguka. Baadhi ya wasambazaji walilazimika kulirudisha jedwali hilo. Hapo uharibifu ulikuwa wa michezo tu. Kama programu iliyolisoma jedwali hilo ingekuwa ya hospitali, hakuna ambaye angeona kwamba miaka 16 ya kuwapo kwa jedwali jipya ni jibu la kutosha. Kitu kilichokaa maktabani kwa miaka mingi huwa kimekwisha kuwa mapatano, hata kama hakuna aliyeyatia sahihi.

Yapasayo kufanywa

Mambo manne yaonekana kuwa ya lazima kwa yeyote anayejenga maktaba, au anayejenga programu juu yake.

Kwanza, kiwango cha chini kiandikwe. Kila maktaba na kila programu itolewayo itaje kiini, maktaba na daraja la prosesa inavyovidai. Shule inayotaka kuweka programu haipaswi kugundua kwa kuona mashine imekufa.

Pili, kazi ijengwe mahali pa zamani kuliko pote itakapotumika, wala si mahali palipo pepesi kwa mjenzi. Maktaba yenyewe ijengwe katika saraka ya peke yake, kama maelekezo ya glibc yanavyodai, na isiwekwe kamwe juu ya maktaba ya mfumo kabla ya kupimwa. Mwenye kuifuta libc.so.6 iliyopo ili ajaribu mpya hukata tawi alilokalia, kwani hata amri za kumwezesha kuirudisha hutegemea faili hilo.

Tatu, mapatano ya mashine yapimwe kwa mashine. Waandishi wa glibc hutunza orodha za majina yote na lebo zake kwa kila aina ya kompyuta, na majaribio ya maktaba huzilinganisha orodha hizo na kilichojengwa. Jina likitoweka, jaribio hushindwa. Nidhamu hii haihitaji fedha nyingi, na yaweza kufuatwa hata na mradi wa watu wawili. Pamoja na orodha, ziwepo programu za zamani zilizotafsiriwa zamani, ziendeshwe juu ya kila maktaba mpya kabla haijatolewa.

Nne, elimu. Katika vyuo mwanafunzi hufundishwa kuandika programu na kuitafsiri, na hupewa alama programu ikifanya kazi mbele ya mwalimu. Yafaa apewe alama pia kwa programu iliyofanya kazi katika kompyuta ya miaka kumi iliyopita, ambayo hakuwahi kuigusa. Nchi inayonunua mashine chache na kuzitumia kwa muda mrefu yahitaji wajenzi wenye ujuzi huo kuliko nchi inayotupa mashine zake kila baada ya miaka mitatu.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Maktaba ya mfumo ni mkusanyo wa ahadi zilizotolewa kwa programu ambazo nyingi waandishi wake hawajulikani walipo. Atakayeijenga upya huzirithi ahadi hizo zote, pamoja na zile ambazo yeye mwenyewe asingezitoa. Anao uhuru wa kutoa nyingine zilizo bora zaidi. Hana uhuru wa kuwafilisi kimya kimya wale waliokwisha kuziamini za kwanza.